Hoya, nanasi la bahari: namna ya kuichagua, kuipasua na kuila usijute

Huyu mnyama wa baharini anaitwa hoya, sio ile "oya" ya kumwita mshkaji mtaani. Wajapani wa mkoa wa Miyagi wanaipenda balaa, Wakorea wanaiita meongge, na ukiikuta kwenye ndoo ya muuza samaki utadhani nanasi dogo jekundu limeota vipele, hata wenyewe Japani wanaitania nanasi la bahari. Mimi niko Sendai, mji mkuu wa mkoa huohuo, mwaka wa tatu huu na ya kwanza niliitema nikaapa sirudii tena, kumbe kosa langu, nilinunua iliyochina halafu nikaipasua kama napasua changu.

Kabla hujashika kisu mjue mnyama mwenyewe maana kila kitu kinaanzia hapo. Hoya ni mfuko tu, umejishikiza kwenye mwamba au kamba, juu una matundu mawili, moja linavuta maji ya bahari, ndani yanachujwa vijidudu vya kuliwa, halafu maji na uchafu vinatoka tundu la pili. Sasa angalia matundu yakijifunga: moja linafanya alama ya kujumlisha na lingine alama ya kutoa. Kujumlisha linaingiza, kutoa linatoa, kama hesabu za darasa la pili vile, huwezi kusahau. Na usiidharau, ikiwa changa ni kiluwiluwi chenye mkia na notokodi, ile fimbo laini ambayo hata sisi tukiwa tumboni inatangulia kabla ya uti wa mgongo, inaogelea siku moja mbili, inajibandika kwa kichwa, mkia unayeyukia mwilini basi kuhama kumeisha. Kwa damu huyu yuko karibu na wewe kuliko pweza. Gamba lake lina selulosi, ile ya kwenye pamba na karatasi, ndo maana ni gumu kama ngozi ya kiatu na haliliwi.

Kununua. Msimu mzuri ni mwezi wa tano mpaka wa nane, hapo imejaza glikojeni, sukari ya akiba ya mwili, na utamu unapanda. Chukua yenye rangi ya chungwa iliyokolea, imejaa, ukiibonyeza inakaza na matundu yanajifunga. Iliyonywea au gamba limelegea achana nayo hata wakikupunguzia bei. Kuna ugonjwa kabisa wa gamba kulainika, uliwasumbua wafugaji wa Korea tangu miaka ya 1990, Miyagi ukaonekana 2007, na kimelea chake kikapewa jina mwaka 2012, Azumiobodo hoyamushi, gamba linalegea mpaka linachanika. Na mfugaji hapo amepoteza miaka sio wiki, maana mbegu wanazinasa majira ya baridi kwa kutundika kamba au magamba ya chaza baharini, baadae wanazihamishia kwenye kamba nene, halafu wanasubiri miaka mitatu hivi ndo wavune. Hesabu wenyewe: tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilifagia karibu mashamba yote ya hoya ya Miyagi, wakaanza upya, na 2013 kabla hata hawajavuna vizuri Korea Kusini, ambayo ndo ilikua mnunuzi wao mkubwa, ikafunga mlango kwa samaki wa mkoa huo sababu ya mionzi ya Fukushima, kile kituo cha nyuklia kilichoharibiwa na tsunami hiyohiyo. 2016 wakatupa maelfu ya tani za hoya zilizokosa mnunuzi. Inauma.

Turudi jikoni. Nunua yenye gamba, iweke kwenye barafu, ule siku hiyohiyo. Harufu ile watu wanayoilalamikia, ikitoka majini hata huisikii, inapanda kadiri masaa yanavyoenda.

Ioshe nje, isimamishe kwenye bakuli matundu yasikuelekee usoni, itakurushia maji, mimi ilinipiga jichoni. Kata tundu la kujumlisha kwanza, maji yakitoka yakinge, hayo usimwage. Halafu ndo ukate la kutoa, huku ni upande wa choo, ukianza nalo unachafua yale maji uliyotaka kukinga. Chana gamba kutoka juu hadi chini, ingiza kidole gumba kati ya gamba na nyama, sukuma taratibu, nyama inachunika nzima rangi ya embe lililoiva. Ipasue katikati: kile cheusi ni ini, wengine wanakula, mi natoa kwasababu ni chungu, na ule uzi wenye kahawia ndani yake ni utumbo na kinyesi, utoe wote. Suuza kwa yale maji uliyokinga au maji ya chumvi. Ya bomba hapana jamani, nyama inakua chapwa na utamu unaenda na maji.

Kata vipande vya kutosha mdomoni, changanya na tango, siki na sosi ya soya kidogo. Mi naongeza ndimu na pilipili kichaa, Wajapani wananishangaa. Wakorea wanatumia sosi yao ya pilipili yenye siki, au wanaiweka juu ya wali wakachanganya. Kama unaogopa mbichi ipike kwa mvuke au ikaange, harufu inapungua sana.

Mwenye pumu awe makini: wabanjua chaza wa Hiroshima walikua wanabanwa kifua sababu ya majimaji ya viumbe jamii ya hoya vilivyoganda kwenye chaza. Ukihisi kifua kinabana acha kisu utoke nje.

Na watu wa pwani nyumbani, vile vimfuko vinavyoota chini ya mashua na kwenye nguzo za gati ni jamaa zake ila msijaribu, hawa kazi yao kuchuja na maji ya bandari mnayajua. Kuna aina zinarundika hadi madini ya vanadi kwenye damu. Mmoja wa Karibi ndo ilikotokea dawa ya saratani trabectedin, sasa kiumbe chenye dawa kali hivyo ndani yake wewe utajuaje ni kipi cha kula.

Ukimaliza sahani ya hoya usikimbilie soda, kunywa maji matupu glasi moja, utayasikia yana sukari.