Somo: Kupachika mpini kwenye kisu cha chuma cha Dameski

Wakuu, kisu hiki huuzwa kikiwa kimeshanolewa, kazi inayobaki ni mpini. Cha siku hizi ni matabaka ya vyuma viwili vilivyofuliwa pamoja, mara nyingi aina ziitwazo 1095 na 15N20. Kikitumbukizwa kwenye asidi, 1095 huwa nyeusi, na 15N20 yenye nikeli kama asilimia 2 hubaki inang'aa. Ndiyo yale mawimbi mnayoyapenda.

1. Zungushia makali kadibodi na selotepu nene kabla ya chochote.

2. Mimi natumia mpingo, vibao viwili vya unene wa milimita 10. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, vaeni barakoa.

3. Hapa ndipo penye kazi. Laza msasa namba 80 juu ya kioo, sugua upande wa ndani wa kibao hadi unyooke. Kibane kwenye msuka (sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini), kiinue kuelekea dirishani. Ukiona uzi wa mwanga katikati, rudia. Mimi hurudia hata mara sita. Maji ya samaki hupenya hapo, kutu ikaanza ndani usikoiona.

4. Toboa mbao kwa kupitia matundu ya msuka wenyewe.

5. Ncha za vibao zinazoelekea makali zimalizwe sasa, hadi msasa 400. Ukishagundisha, kila utakachosugua pale kitachubua mawimbi.

6. Mpingo una mafuta, ufute kwa asetoni. Msuka ukwaruze kwa msasa. Paka gundi ya epoksi inayokauka kwa saa 24, ingiza ribiti, bana kwa kiasi. Kisu changu cha kwanza nilikaza jiliwa (kibanio cha mezani) kwa nguvu zote, gundi ikakamuliwa nje. Dada yangu alikuwa anapasua sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kibao kimoja kikabaki kiganjani mwake. Hakuumia, lakini tangu siku ile nakaza hadi gundi ichungulie tu pembeni.

7. Chonga kwa tupa, malizia msasa 240, paka mafuta ya linsidi. Msilainishe zaidi ya hapo. Mkono wenye utelezi wa samaki unahitaji pa kushika.

MASWALI

*Mkuu, mpingo ni ghali. Mninga je?*
Unafaa sana, dada. Hauchezi sana ukilowa na kukauka. Upake mafuta mara kwa mara.

*Mawimbi yangu yamefifia na kuna madoa ya kutu. Nimeuziwa feki?*
Unakisugua na waya wa sufuria? Huo ndio unaofuta mawimbi. Na hiki si chuma kisichoshika kutu. Ukimaliza kukata limau au samaki, osha kwa sifongo laini, kausha palepale, pitisha mafuta kidogo. Mawimbi hurudi kwa kloridi ya feri iliyozimuliwa, ila vaa glavu na ufanyie nje.

*Msuka wangu hauna matundu na drili inateleza. Niuchome kwa gesi ulainike?*
Usichome kabla hujakinga makali, kaka. Joto hutembea, rangi ya bluu ikifika kwenye makali, ugumu umekwenda. Tafuta kekee ya kabaidi, ngumu kuliko za kawaida, zungusha taratibu, weka tone la mafuta. Usipoipata, zamisha makali kwenye beseni la maji, kisha pasha ncha ya msuka peke yake.