SOMO: Kukalafati boti ya mbao inayovuja, kwa sisi wa Ziwa Nyasa

Boti ikianza kuvuja, wengi hapa Matema hukimbilia lami. Wanamwaga kopo zima juu ya ufa, kesho yake wako majini, na mwezi hauishi wanafua maji tena, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Lami inafunika tu. Kinachoziba ni pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio ya mbao, na huko ndiko kukalafati.

Kazi hii ni ya Julai hadi Oktoba, mvua za Kyela zikishapungua. Siku za Mwera, ule upepo mkali wa kusini, boti nyingi ziko nchi kavu hata hivyo. Ipindue juu ya magogo, kivulini, uiache ikauke taratibu. Jua kali huzipasua mbao.

1. Tafuta uozo. Choma kwa kisu kando ya mkuku (uti wa mgongo wa boti), chini ya mataruma (mbavu zake) na kwenye ncha za mbao. Kisu kikizama kama kwenye ndizi mbivu, kata mpaka ufikie mti mzima. Wenzetu wa Pwani wana wadudu wa maji chumvi wanaotoboa mbao, ndiyo maana wanapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Huku wadudu hao hawapo. Chombo chetu huoza kuanzia ndani, kwa maji ya mvua yaliyotuama.

2. Badilisha ubao. Mvule ukiupata, usiuache. Paini ya Sao Hill ni rahisi, lakini isiyotiwa dawa hulainika mapema. Toboa kwanza kwa keekee, kisha misumari yenye zinki.

3. Kalafati. Hapa usiwe na haraka. Kwangua lami na pamba ya zamani yote. Maungio yawe mapana nje, membamba ndani. Pitisha rangi ya mafuta humo, sokota pamba, ishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mbao, mapigo mepesi. Sikiliza: mlio ukibadilika kutoka mzito kuwa mkavu, acha. Ujana wangu nilishindilia kama najaza gunia. Boti ilipoingia majini mbao zikafura, zikasukumana, misumari ya ubao mmoja ikang'oka. Mbao mpya nililipa mimi.

4. Lami, kisha rangi. Acha nafasi ya kama milimita 3 juu ya pamba, ndipo ujaze lami. Sufuria ya kuyeyushia iwe kavu kabisa. Tone la maji linairusha lami usoni.

5. Rudisha majini. Itavuja siku ya kwanza, usishtuke. Ifunge ufukweni siku mbili mbao zifure.

Maswali

*Shikamoo fundi. Pamba sina, nyuzi za nyavu kuukuu zinafaa?*

Marahaba. Hapana, nailoni hainywi maji wala haifuri kama pamba. Afadhali usokote tambara la pamba, nalo la kukufikisha nyumbani tu.

*Kaka, wangu ni mtumbwi wa gogo, umepasuka kichwani.*

Hapo hakuna maungio, na ufa hufuata mti. Toboa tundu dogo pale ufa unapoishia usiendelee, jaza pamba na lami, kisha pigilia kiraka cha bati.

*Mwaka jana nilikalafati vizuri, mwaka huu ubao wa chini umeoza. Nilikosea wapi?*

Sakafu ya kukanyagia inang'oka?

*Nimeipigilia misumari, fundi.*

Basi maji yanalala chini yake na huyaoni. Ing'oe, iwe ya kuinua kwa mkono, na kila mvua ikinyesha ufue maji asubuhi yake.

*Ndaga fijo, asante sana. Naichukua nyundo sasa hivi.*