Maji Yale Yale, Mikono Miwili: Jinsi ya Kutenganisha Kilicho cha Kitu na Kilicho Chako

Mmoja anasema maji ni ya baridi, mwenzake anasema ni ya moto, na ubishi unazimwa kwa "kila mtu na ukweli wake". Tunadhani ubishi huo unazimwa mapema mno. Kuna njia ya kujua ni sehemu gani ya unachohisi inatoka kwenye kitu na ni ipi inatoka kwako: badilisha jambo moja tu, mengine yaache yalivyo, kisha tazama nini kimehama na nini kimebaki. Majaribio yaliyo hapa chini yanatumia vitu vya nyumbani, na jioni moja inatosha.

Anza na maji. Mwanafalsafa John Locke aliliandika jambo hili mwaka 1690: maji yale yale yanaweza kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine. Tafuta mabeseni matatu, kila moja lita 2 hivi. La kushoto lipate nyuzi 15 za Selsiasi (weka barafu), la kulia nyuzi 40, la kati nyuzi 28 hadi 30. Pwani, maji yaliyokaa chumbani mara nyingi yanafaa kwa la kati bila kuongeza kitu. Kwenye nyanda za baridi kama Njombe au Limuru itabidi uongeze ya moto. Usizidishe nyuzi 42, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia mikononi asifanye jaribio hili.

Ingiza mkono mmoja kushoto, mwingine kulia, subiri dakika 2 kamili, kisha itie yote miwili katika beseni la kati kwa wakati mmoja. Mkono uliotoka barafuni utasema maji ni ya moto, wa pili utasema ni ya baridi. Hapo hapo soma kipimajoto: namba ni moja.

Jaribio likikataa, kwa kawaida ni kwa sababu ya haraka. Ngozi haisomi nyuzi kama kipimajoto. Husikia zaidi mabadiliko, na inahitaji muda kuzoea kabla ya kukupa tofauti kubwa. Sekunde 20 hazitoshi. Angalia pia kipimajoto chenyewe. Kile cha homa cha kidijitali husoma kuanzia nyuzi 32 hivi, kwa hiyo maji ya kati kitayakataa. Cha zebaki cha homa ni kibaya zaidi kwa kazi hii, maana hushikilia namba ya juu kabisa kiliyofikia hadi ukikung'ute. Kikitoka kwenye maji ya moto kitakuletea namba ya zamani. Tumia cha jikoni. Kipimo nacho kina tabia zake, na usipozijua utabadilisha kosa la mkono kwa kosa la chombo.

Watu wengi wakishaona hilo husema: basi dawa ni kuuliza watu wengi, wakikubaliana huo ndio ukweli. Jaribio la pili lipo kwa ajili yao, na ndilo tunalolithamini kuliko yote.

Chukua boksi dogo la majani ya chai na boksi la viatu. Funga mchanga mkavu kwenye vitambaa viwili, kimoja kwa kila boksi, ukae katikati. Nafasi iliyobaki ijazwe magazeti yaliyokunjwakunjwa, mchanga usitembee. Pima kwa mizani hadi kila boksi, pamoja na kila kilichomo, liwe gramu 600. Funga kamba ya aina moja juu ya kila boksi, iwe na kitanzi cha kupitisha vidole viwili. Sasa waite watu watano, mmoja mmoja, wasisikiane. Kila mtu anyanyue yote mawili, wengine waanze na dogo, wengine na kubwa, ili uchovu wa mkono usije ukasingiziwa.

Karibu wote watasema dogo ni zito zaidi. Wamekubaliana, na mizani inawakatalia wote. Waoneshe mizani, kisha wanyanyue tena: dogo bado litakuwa zito. Baada ya kurudia mara kadhaa mkono hujifunza kutumia nguvu sawa kwa yote mawili, lakini hisia ya uzito haijifunzi. Malizia kwa kuwafumba macho, washike kitanzi tu bila kugusa boksi. Tofauti hutoweka au hupungua sana. Udogo ulioonekana kwa macho ndio uliokuwa ukiongeza uzito.

La tatu halihitaji mtu wa pili. Kwenye karatasi nyeupe chora msalaba mdogo, na sentimita 8 kulia kwake duara jeusi la sentimita 1. Fumba jicho la kushoto, kazia la kulia kwenye msalaba, na sogeza karatasi taratibu kutoka umbali wa mkono. Kati ya sentimita 35 na 25 duara litapotea. Likikataa kupotea, jicho lako limeteleza kutoka kwenye msalaba, rudia. Duara linapopotea, picha yake imeangukia pale ambapo neva ya kuona inatoboa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ili itoke kwenye jicho, na pahala hapo hapana chembe za kupokea mwanga. (Pweza hana doa hili: neva zake zinapita nyuma ya retina.) Sasa piga mstari mnene unaopita katikati ya duara, rudia, na utaona mstari mzima bila pengo. Ubongo umeujaza kwa kubahatisha, na haukukuambia kwamba umebahatisha.

Mwezi mpevu unapochomoza baharini huonekana mkubwa kuliko ukiwa juu, nao ni wa kupima: utazame kupitia tundu la milimita 6 kwenye kadi uliyoshika kwa mkono ulionyooka, kisha rudia saa nne usiku. Utajaa tundu kwa kiasi kile kile.

Mambo mengine hayana mizani. Maumivu ni mfano: hakuna chombo kitakachomwambia mgonjwa kwamba hayasikii, kwa sababu kuyasikia ndiko kuwepo kwake. Hapo usitafute kipimo cha nje, tunza kumbukumbu ya hali inayoyazunguka. Uliza kwa namba 0 hadi 10, andika saa, dawa aliyokunywa na alivyokuwa amelala, kisha linganisha 7 ya leo na 4 ya jana ya mgonjwa huyo huyo, si na 7 ya jirani yake wodini.