Siku ya meneja wa mauzo dukani: namna ya kuianza, kuiendesha na kuifunga

Anayepandishwa kutoka kaunta na kuwa meneja wa mauzo wa duka la rejareja hukabidhiwa funguo, nywila ya kompyuta na lengo la mauzo ya mwezi, lakini ni nadra kuelezwa kazi yenyewe ni ipi. Nimesimamia duka la vyakula na bidhaa za nyumbani jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhakikisha kuwa kinachosomeka kwenye kompyuta ndicho kilichopo kwenye rafu, stoo na droo ya keshia. Pale vitu hivyo vinapotofautiana ndipo faida inapovujia, na ndipo ugomvi na wateja pamoja na kutoaminiana kwa wafanyakazi kunapoanzia. Maelekezo yafuatayo yanahusu namna ya kuifuatilia tofauti hiyo tangu asubuhi hadi jioni.

Kabla ya mlango kufunguliwa

Fika angalau nusu saa mapema, na kabla ya kuketi ofisini zunguka duka zima kwa njia ileile atakayopita mteja, ukiwa na kalamu na daftari dogo mkononi. Andika kila nafasi iliyo tupu, kila bidhaa isiyo na lebo ya bei, na kila lebo inayoonyesha bei ya zamani. Usimwachie msaidizi kazi hii kila siku, kwa sababu anayezoea kulitazama duka kupitia ripoti peke yake hulisahau lilivyo.

Kwenye friza, usiridhike na kusikia mashine inanguruma. Ingiza mkono. Pakiti za kuku zilizoshikana na kuwa bonge moja, huku chini yake kukiwa na barafu yenye rangi ya waridi, ni dalili kwamba umeme ulikatika usiku, nyama ikayeyuka, kisha ikaganda upya umeme uliporudi. Ziondoe zote, zihesabu, ziandike kwenye daftari la hasara, na usikubali kushawishiwa na yeyote kwamba zinaweza kuuzwa kwa bei ya punguzo, kwani mteja atakayezila hana njia ya kujua yaliyotokea usiku.

Katika kupanga rafu, wengi hufundishwa kuweka mali ya zamani mbele na mpya nyuma. Ni mwanzo mzuri, ila kinachopaswa kufuatwa ni tarehe ya mwisho wa matumizi na si siku mzigo ulipoingia, maana katoni ya maziwa iliyoletwa leo yaweza kuisha muda wake kabla ya ile iliyoletwa wiki iliyopita. Kwa hiyo soma tarehe wakati wa kupokea mzigo, dereva wa msambazaji akiwa bado yupo, ili usiyoikubali irudi naye.

Rafu tupu ambayo kompyuta inasema imejaa

Hapa ndipo ningependa meneja mpya atulie zaidi. Chukua mfano wa juisi za pakiti za kampuni moja, za embe na za pesheni, zenye bei sawa. Mteja analeta pakiti sita kaunta, tatu za embe na tatu za pesheni, na keshia kwa haraka ya foleni anapitisha pakiti moja ya embe kwenye mashine na kuandika sita. Fedha ni sahihi kabisa, mteja ameridhika, na droo jioni haina upungufu. Hata hivyo kompyuta imepunguza embe sita badala ya tatu, na pesheni haikuiondoa hata moja. Jambo hilo likirudiwa mara chache, kompyuta itasema zipo pesheni 14 wakati rafu haina hata moja, na kwa kuwa inaamini zipo, haitakukumbusha kuagiza nyingine. Nafasi hiyo yaweza kukaa tupu majuma mawili huku kila anayeangalia ripoti akidhani kuwa pesheni hainunuliki.

Tiba yake ni hatua mbili. Kwanza, wafundishe makeshia kupitisha kila ladha na kila ukubwa peke yake, na uwaeleze sababu, kwa sababu anayejua madhara ya jambo hulizingatia kuliko aliyeamrishwa tu. Pili, kila siku chagua bidhaa 20, zihesabu kwa mkono rafuni na stoo, linganisha na kompyuta, kisha uchunguze tofauti kabla ya kusahihisha. Kuhesabu duka zima mara moja kwa mwaka kutakuonyesha ukubwa wa hasara, lakini hakutakwambia ilitokea lini wala wapi, ilhali hesabu ya kila siku hukufikisha kwenye tatizo likiwa bado bichi.

Hesabu zikishakuwa za kuaminika, kuagiza mzigo huwa rahisi. Ikiwa unauza pakiti 40 za sukari kwa siku, msambazaji huleta baada ya siku tatu, nawe unataka akiba ya siku mbili, basi agiza zinapobaki 200. Kanuni hiyo ibadilishe kulingana na majira: tende, tambi, sukari na unga wa ngano huongezeka mwendo kabla Ramadhani haijaandama, madaftari na viatu vya shule hutafutwa Januari, na siku za mishahara hazifanani na katikati ya mwezi. Ndiyo maana si busara kuligawa lengo la mwezi kwa 30 na kumlaumu mfanyakazi kwa mauzo ya tarehe 17.

Usikimbilie punguzo la bei unapoona mauzo yamelegea. Bidhaa uliyoinunua kwa shilingi 8,000 na kuiuza 10,000, tukiiweka kando kodi ya ongezeko la thamani (VAT), inakupa faida ghafi ya 2,000. Ukipunguza bei kwa asilimia 10 unauza kwa 9,000 na faida inabaki 1,000, hivyo utalazimika kuuza mara mbili ya idadi ya awali ili upate kilekile ulichokuwa ukikipata. Kwa bidhaa inayokaribia tarehe ya mwisho, punguzo ni uamuzi wa haki. Kwa bidhaa nyingine, piga hesabu hiyo kwanza.

Fedha na watu wanaozishika

Pesa ya chenji ihesabiwe asubuhi mbele ya keshia, na nyote wawili mtie saini. Malipo ya lipa namba, yaani yale ambayo mteja huyatuma kwa simu kwenye namba ya duka, yathibitishwe kwenye simu ya duka na si kwenye simu ya mteja, kwa sababu ujumbe wa kughushi hufanana na halisi hadi nukta ya mwisho. Kila mauzo yatolewe risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, na mzani, kama mnapima bidhaa, uwe na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo isiyopitwa na muda. Bei ya rafuni ikiwa chini ya bei ya kaunta, muuzie mteja huyo kwa bei ya rafuni, kisha nenda ukabadilishe lebo wewe mwenyewe.

Jambo gumu kuliko yote ni upungufu wa fedha. Mwaka wangu wa kwanza, droo ya keshia mmoja, binti aliyekuwa na miezi mitatu kazini, ilipungua shilingi 46,000, nami nikaamuru akatwe kiasi chote kwenye mshahara bila kumsikiliza. Siku nne baadaye, nikipitia karatasi, nikagundua kwamba mauzo ya mteja mmoja yaliingizwa mara mbili mtandao ulipokatika, na kwamba fedha hizo hazikuwahi kuwepo. Alirudishiwa fedha zake na nikamwomba radhi mbele ya wenzake waliokuwa wameshaanza kumkwepa. Bado ninauona uso wake siku ile ya kwanza, na sitamani mtu mwingine atendewe hivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka utaratibu. Mwajiri anayetaka kufidia hasara kwa kukata mshahara anapaswa kuonyesha kuwa imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, kumpa sababu kwa maandishi na nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, jambo ambalo ratiba za zamu za msimu wa sikukuu husahau kwa urahisi. Panga zamu hizo mapema na uzibandike ukutani. Keshia aliyesimama tangu asubuhi bila kupumzika ndiye huyohuyo anayeandika sita za embe.

Kufunga siku

Jioni weka kando kando takwimu tatu: mauzo yanayoonyeshwa na kompyuta, ripoti ya Z ya mashine ya EFD, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, ambayo lazima itolewe kila siku, na jumla ya fedha taslimu, lipa namba na malipo ya kadi. Zikilingana, tia saini. Zisipolingana, tafuta usiku huohuo kwa kuanzia na mauzo yaliyofutwa na bidhaa zilizorudishwa, wakati keshia bado anakumbuka. Baada ya hapo andika katika daftari mambo matatu ambayo atakayefungua kesho anapaswa kuyakuta, kwa mfano katoni iliyopokelewa ikiwa imelowa, friza inayotoa sauti isiyo ya kawaida, au mteja aliyeahidiwa unga wa kilo 25, na umkabidhi daftari hilo pamoja na funguo.