Jinsi ya Kupiga Picha za Dhoruba na Radi Mtwara na Lindi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kwa misimu tisa ya mvua nimekuwa nikifuatilia mawingu ya radi kwa kamera kati ya Mikindani, nyanda za juu za Makonde na ghuba ya Lindi. Mvua zetu za Msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ndani ya miezi hiyo anga la kusini hutoa mandhari ambayo mpiga picha hawezi kuyapata wakati wa kusi kavu. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu mwenye simu nzuri au kamera ya kawaida, ambaye anataka kurudi nyumbani salama akiwa na picha ambayo watu wengine wanaweza kuiamini.

Hatua ya kwanza: tambua unachokifuata

Neno kimbunga linabeba mambo mengi mno katika mazungumzo yetu. Kimbunga cha kitropiki, kama Kenneth cha Aprili 2019 kilichotua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, au Hidaya cha Mei 2024, kina upana wa mamia ya kilomita na hudumu kwa siku kadhaa. Tonado ni mkondo mwembamba wa hewa inayozunguka kwa nguvu, unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, na mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Ukishuka juu ya maji, wengi wetu tutauita chamchela ya baharini. Chamchela tunazoziona viwanjani wakati wa kiangazi ni kitu kingine, kwa kuwa huinuka kutoka kwenye ardhi iliyopata joto, bila wingu lolote juu yake.

Ninachokufundisha hapa ni kupiga picha za mawingu ya radi na, kwa bahati, chamchela ya baharini. Kimbunga cha kitropiki hakifuatiwi. Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na mtu aliyekwama barabarani siku kama hiyo huwaongezea kazi waokoaji ambao tayari wamezidiwa.

Hatua ya pili: chagua siku

Anza na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hupanda ngazi kutoka angalizo hadi tahadhari na tahadhari kubwa. Kisha tazama anga mwenyewe. Asubuhi yenye fukuto zito, ikifuatiwa na mawingu meupe yanayokua kwenda juu badala ya kutanda, huashiria alasiri yenye radi. Wakulima wa korosho walioanika mavuno yao mwanzoni mwa msimu huyasoma mawingu haya vizuri kuliko programu yoyote ya simu, na mimi huwauliza kabla sijaondoka. Kwa kawaida mawingu hukua bara kati ya saa nane mchana na magharibi, na radi za usiku wa manane na alfajiri hupiga zaidi baharini.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kusimama

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, na ndipo maisha yanapohatarishwa, kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili.

Wingu zima la radi, kuanzia kitako chake cheusi hadi kilele kilichotandazwa kama fuawe ya mhunzi, linaweza kuwa na kimo cha zaidi ya kilomita 15. Ukiwa chini yake huoni chochote isipokuwa kijivu na maji. Umbali wa kilomita 20 au 30 ndio unaokupa umbo lote, ndiyo maana ninapenda Shimo la Mungu pale Newala, ambapo ukingo wa uwanda unaporomoka na bonde la Ruvuma linafunguka mbele yako mpaka Msumbiji. Ukiwa Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani unafaa kwa radi za baharini. Ukiwa Lindi, simama ufukweni jua linapokaribia kuzama nyuma yako, kwa sababu mwanga wake wa mwisho huyapaka rangi ya dhahabu mawingu yaliyo upande wa bahari. Nuru hiyo haikai hata robo saa.

Ukishasimama, chunguza wingu linakwenda wapi. Chagua alama isiyosogea, kama mnazi au mnara wa simu, linganisha ukingo wa wingu na alama hiyo, na upige picha. Subiri dakika tano, kisha piga tena ukiwa palepale. Wingu likisogea kulia au kushoto, linapita. Lisiposogea upande wowote lakini likawa linazidi kuwa kubwa, linakuja kwako moja kwa moja, na unapaswa kuondoka wakati bado unaliona kuwa la kupendeza. Kabla ya yote hayo uwe umeshajua njia ya kuondokea, tena njia isiyogeuka tope kwa mvua ya kwanza.

Narudia jambo hili kwa sababu hata mabingwa limewashinda. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, tonado moja ilitanuka hadi upana wa kilomita 4.2, ikabadili mwelekeo na kuongeza kasi kwa ghafla. Iliwaua wafuatiliaji wa tonado Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras alikuwa mtafiti wa tonado aliyeheshimiwa kwa uangalifu wake, na mwaka 2003 alikuwa ameweka kifaa katika njia ya tonado huko South Dakota kilichopima shinikizo la hewa likishuka kwa milibari 100. Ikiwa mtu wa namna hiyo alizidiwa, mimi na wewe hatuna sababu ya kusogea karibu kwa ajili ya picha.

Hatua ya nne: hesabu ngurumo

Sauti husafiri takriban kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo ifike, kisha gawanya kwa tatu. Hesabu ikifika sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 nawe, na kazi ya nje imekwisha. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke tena.

Gari lenye bati na vioo vilivyofungwa ni kinga, na jengo imara la kudumu ni bora zaidi. Pikipiki, bajaji na banda la makuti ufukweni havikukingi. Usijifiche chini ya mkorosho wala mwembe. Pale Shimo la Mungu ukumbuke kwamba, ukisimama ukingoni na stendi ya chuma mkononi, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu nawe.

Hatua ya tano: tayarisha kamera

Usiku, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 kwa radi za karibu au f/5.6 kwa za mbali, na uache shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi kwa sekunde 10 hadi 20. Rudia bila kuchoka, kwa maana radi nyingi zitapiga nje ya fremu. Fokasi ya kujiendesha hushindwa gizani, hivyo ilenge taa ya mbali, kwa mfano ya chombo kilichotia nanga, kisha uihamishie kwenye fokasi ya mkono na usiiguse tena. Mchana ni vigumu zaidi kuinasa radi kwa shata. Mwenye simu arekodi video na kuchukua fremu moja baadaye.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi itashika ukungu mara moja kwa sababu ya unyevu wa pwani. Iache kamera ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa robo saa ili ipate joto la nje polepole. Chumvi ya bahari nayo ifutwe kila jioni kwa kitambaa laini.

Hatua ya sita: sambaza picha kwa uaminifu

Miaka michache iliyopita nilipiga picha ya ukingo wa wingu ulioning'inia chini sana juu ya bahari ya Shangani, nikaituma kwenye kundi moja bila maelezo. Ilipofika jioni ilikuwa imekatwa pembeni na kusambazwa kwamba kimbunga kimeingia Mtwara. Mama mmoja ambaye mumewe alikuwa dagoni, kambini mwa wavuvi, alinipigia simu akilia, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa kuomba radhi. Tangu siku hiyo sitoi picha isiyo na maandishi juu yake.

Andika ndani ya picha yenyewe tarehe, saa, mahali uliposimama, upande uliotazama na jina la kitu kinachoonekana: "Shangani, Mtwara, natazama mashariki, saa 11:40 jioni, wingu la radi, si kimbunga." Weka tarehe kamili pamoja na mwaka, kwa kuwa picha za zamani hufufuka kila tahadhari mpya inapotolewa. Ongeza mwanga na utofauti wa rangi kwa kiasi, lakini usiongeze radi ambayo haikupiga wala kuunganisha anga la siku moja na bahari ya siku nyingine. Hifadhi faili asilia, kwa sababu ndani yake mna saa ya kupigwa, na WhatsApp huifuta taarifa hiyo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mtu akiihitaji kwa uchunguzi, mtumie kama hati.

Na ukinasa chamchela ya baharini, acha kusambaza kwanza. Piga simu kwa wavuvi unaowafahamu, uwaeleze iko upande gani na inaelekea wapi, kwa sababu mwenye ngalawa aliye nje ya ghuba anahitaji dakika hizo kuliko sisi tulio ufukweni.