Somo: Kutafuta kosa kwenye Lisp, kuanzia TRACE hadi ile 0]

Lisp ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kila wiki naletewa picha ileile: alama ya nyota (*) inayokuashiria uandike imetoweka, imebaki 0], na swali "mkuu, imeharibika?" Haijaharibika. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze huku. Natumia SBCL, programu inayoendesha Lisp, ndiyo tunayofundishia vijana kila Jumamosi hapa Nkuhungu.

1. Weka SBCL. Kwenye Ubuntu: sudo apt install sbcl

2. Majina. Orodha ya Lisp ichukulie kama treni ya mizigo. Kila behewa lina mzigo wake na kulabu inayoshika behewa la nyuma. Behewa linaitwa cons. Mzigo unauchukua kwa CAR, na yote yaliyofungwa kwenye kulabu kwa CDR (hutamkwa "kuda"). Kulabu ya behewa la mwisho imeshika NIL, yaani orodha tupu. NIL hiyohiyo ndiyo "si kweli".

3. Andika faili zabibu.lisp, ya kujumlisha kilo za kreti:

(defun jumla (mizigo)
  (if (null mizigo)
      0
      (+ (car mizigo) (jumla (cdr mizigo)))))

Kisha: sbcl --load zabibu.lisp

4. TRACE hukuonyesha kila mwito wa fanksheni ukiingia na kurudi. Andika (trace jumla), halafu (jumla '(12 9 15)). Utaona inaingia na (12 9 15), (9 15), (15), NIL, kisha inarudi na 0, 15, 24, 36. Ukimaliza, (untrace jumla).

5. Sasa kosea makusudi: (jumla '(12 9 "15")). Hiyo "15" ni maandishi, haijumlishiki. Ndipo inapokuja 0]. Maana yake umeingia kwenye kitatuzi: programu imesimama palepale ilipokwama, inakusubiri. Ukikosea tena ukiwa humo unapata 0[2], kisha 0[3], unazidi kuzama. Kutoka, andika namba ya mstari wa ABORT ulio chini kabisa. Lakini usikimbilie kutoka. Andika kwanza backtrace, upate orodha ya miito iliyokufikisha hapo.

6. Kusoma backtrace. Mstari wa juu kabisa ndipo mambo yalipokwama, na mara nyingi ni wa ndani ya mfumo wenyewe. Shuka hadi uone jina la fanksheni yako. Hapa mimi nilipoteza siku mbili nzima. Nilikuwa na hesabu za shamba la shangazi Hombolo: pokea inamalizia kwa kuita chuja, chuja inamalizia kwa kuita jumla. Kosa lilikuwa kwenye chuja, ila kwenye backtrace chuja haikuwepo hata kwa jina. Nikaamini haikuitwa kabisa, nikaifumua jumla yote ambayo haikuwa na tatizo. Sababu ni hii: fanksheni ambayo jambo lake la mwisho ni kuita nyingine, SBCL huiondoa kwenye rundo la miito na kumpisha anayeitwa. Dawa ni mstari huu juu kabisa ya faili:

(declaim (optimize (debug 3)))

ONYO: uwe juu ya fanksheni ZOTE, na upakie faili upya. Fanksheni iliyokwisha kupakiwa haibadiliki kwa kuandika mstari huo baadaye.
ONYO la pili: programu inakuwa nzito. Ukishalipata kosa, uondoe.

MASWALI

chipukizi: Mkuu kwangu inagoma.

Mimi: Umeandika nini, na SBCL imejibu nini? Nakili yote.

chipukizi: Nimeandika trace jumla

Mimi: Hatua ya 4 ina mabano. Isome tena.

wa_makulu: Kwa nini kuwafundisha vijana lugha ya enzi za mababu na lugha ya Python ipo?

Mimi: Sijamkataza mtu Python. Lisp ilianza 1958 pale chuo cha MIT, Marekani, na kumbukumbu kujisafisha yenyewe, jambo ambalo Python inakufanyia kila siku, kulianzia humo. Vijana wangu wakishaona kwenye TRACE mwito ukiingia na kurudi, fanksheni inayojiita yenyewe haiwatishi tena. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

binti_kisasa: Shikamoo mwalimu. CAR na CDR ni vifupisho vya nini?

Mimi: Marahaba dada, swali zuri. Lisp ya John McCarthy, mwanzilishi wake, iliendeshwa kwanza kwenye kompyuta ya IBM 704. Neno moja la mashine hiyo lilikuwa na biti 36, na ndani yake sehemu mbili za biti 15: moja ya anuani, nyingine ikiitwa dekrementi. CAR ni "yaliyomo kwenye sehemu ya anuani ya rejista", CDR ni ya dekrementi. Behewa zima lilienea kwenye neno moja! Mashine imeshapita, majina yakabaki, na yana faida: yanaungana. CADDR isome toka kulia: D, D, kisha A. Ruka mabehewa mawili, chukua mzigo. Kwenye (12 9 15) unapata 15.

binti_kisasa: Nimejaribu orodha ndefu sana, imeleta "Control stack exhausted". Ni debug 3?

Mimi: Kwa jumla hii, hapana. Kila mwito unasubiri wa ndani urudi ndipo ujumlishe, kwa hiyo miito inarundikana hata bila debug 3. Ila fanksheni inayomalizia kwa kujiita, hiyo debug 3 inaweza kuiangusha, maana kule kupishana kunazimwa. Kwa orodha ndefu tumia (reduce #'+ mizigo).

fundi_chamwino: Mie huweka print katikati: (+ (print (car mizigo)) (jumla (cdr mizigo))). Inachapa na kurudisha kitu kilekile, hesabu haiguswi.

Mimi: Naam, hii nzuri hasa ukitaka kuchungulia sehemu moja tu. Wengi hudhani print inaharibu jibu.

chipukizi: Mabano yamekubali. Ila kwangu baada ya nyota haijibu kitu, imenyamaza tu.

fundi_chamwino: Hujafunga bano moja, inakusubiri. Lifunge ubonyeze Enter. Na ukiandikia kwenye Emacs (programu ya kuandikia faili), washa show-paren-mode, itakuonyesha kila bano na mwenzake.

chipukizi: Imejibu 36!