Kabla hujampokea mtoto aliyenusurika maporomoko

Alfajiri ya Jumapili, Disemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliingia mji wa Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, wengi wakiwa bado wamelala. Shule ziligeuka kambi. Kama siku moja utaandaa darasa la namna hiyo, au chumba chako mwenyewe, kwa ajili ya watoto, panga haya mapema.

Blanketi, maji safi, uji wa moto, taa ya usiku. Daftari la majina: mtoto, kijiji chake, aliyemleta. Asichukuliwe na mtu ambaye hajathibitishwa, hata akijiita mjomba. Ndugu wasitenganishwe. Simu za kupigia picha zibaki mifukoni.

Funika magodoro kwa nailoni, maana mtoto wa miaka 8 aliyeacha kukojoa kitandani zamani anaweza kuanza tena. Asichapwe, asiaibishwe. Atastuka mvua ikigonga bati, atafukia vikopo udongoni na kuvifukua mara kumi, akiigiza yaliyotokea. Mwache acheze, isipokuwa kama anajiumiza au hofu inazidi. Usimkalishe asimulie yaliyotokea eti atoe ya moyoni. Kumlazimisha kunaweza kumwumiza zaidi. Akianza mwenyewe, msikilize.

Linaloharibiwa kwa huruma ni habari ya kifo cha mzazi. Amueni kabla: nani atamwambia, kwa maneno gani. Msipopanga, shangazi atasema mama amesafiri, jirani atasema yuko hospitali, na mtoto mwenzake atamtolea ukweli kwenye foleni ya uji. Hapo mtoto hatamwamini tena yeyote kati yenu. Aliyeambiwa "amesafiri" hukaa mlangoni, kila gari likisimama anainuka. Aliyeambiwa "amelala" huogopa kufumba macho. Aseme mtu anayemfahamu na atakayebaki naye, wamekaa mahali patulivu: "Tope liliingia nyumbani. Mama aliumia sana, amekufa. Hawezi kurudi. Si kosa lako." Hilo la mwisho msiliruke, kwa sababu wadogo hudhani mama ameondoka kwa kuwa jana yake walimkasirisha. Kisha nyamaza. Wa chini ya miaka 5 huona kifo kama safari yenye kurudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa, mjibu vilevile. Akikimbilia mpira baada ya kusikia, usiseme hana uchungu. Akitaka kwenda mazishini aende, awe na mtu wake wa kumshika mkono.

Masomo yarudi mapema, hata chini ya mti, kwa saa zilezile. Wengi hutulia baada ya wiki kadhaa. Mwezi ukipita na bado halali, hali au haongei, mpeleke kituo cha afya. Kwa Tanzania namba 116 ya watoto ni bure. Anayesema anataka kumfuata mama asisubiri mwezi: apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Kijana wa miaka 15 anayelea wadogo zake bila kutoa chozi, mtazameni pia. Na mawingu ya vuli yakirudi kufunika mlima, lala chumba kimoja nao.